“Customary”: ni desturi ya nani, na asiyefuata anapata nini?

*“Shikamoo mwalimu. Mimi ni katibu wa kikundi cha wachakataji wa dagaa hapa Ilemela. Kiingereza changu ni cha kidato cha nne, na barua zote za wafadhili zinaishia mikononi mwangu. Juzi ilikuja moja ya wageni wanaotaka kututembelea, inasema: ‘It is customary for the host group to provide a light meal.’ Kamusi inasema customary ni -a mila, -a desturi, -a kawaida. Nikatafsiri: ‘Ni lazima kimila kikundi mwenyeji kitoe chakula chepesi.’ Mwenyekiti akang'aka: mila ya nani, ya Wasukuma au ya Wazungu? Na nani kasema ni lazima? Kwenye makaratasi ya kiwanja chetu cha kuanikia kule Magu kuna ‘customary right of occupancy’, nikaandika ‘haki ya kukaa ya kimazoea’. Fomu ya bima nayo inauliza kama ndoa yangu ni ‘customary’; mimi na mwenzangu tunaishi pamoja miaka minne, mahari haijatoka wala hatujaenda popote, nikaweka tiki hapo. Halafu nimemwandikia mdogo wangu barua ya kazi, ‘I am customary to work at night’, ikarudi imezungushiwa kalamu nyekundu. Neno hili lina maana ngapi, na nitajuaje ipi ni ipi?”*

Marahaba, katibu. Mwenyekiti wako ameuliza vizuri kuliko kamusi. “Mila ya nani?” na “nani kasema ni lazima?” ndiyo maswali yanayolifungua neno hili, na ukiyashika hutakuwa na haja ya kukariri maana tatu wala nne.

Kosa lako halikutokana na kidato cha nne. Kamusi imekupa maneno matatu yaliyotenganishwa kwa mkato, kana kwamba ukichukua lolote umefika, nawe ukachukua lililotangulia. Kisha ukaongeza “lazima”, ambayo haimo kwenye barua hata kidogo. Watafsiri wengi huiongeza kwa sababu wanahisi, na wanahisi sawasawa, kwamba sentensi ile ya Kiingereza inasukuma kidogo. Nitarudi kwenye msukumo huo.

“Customary” husemwa juu ya jambo linalorudiwarudiwa mpaka watu wamekubali kwamba hivyo ndivyo linavyofanywa. Angalia kwamba ndani yake mna vitu viwili: kurudiwa na kukubaliwa. Kimoja kikikosekana, neno halifai.

Twende mwaloni, kule mitumbwi ya uvuvi inakotia nanga, tuone. Mwezi ukiwa mpevu, wavuvi wa dagaa hupumzika siku kadhaa. Jambo hilo hurudi kila mwezi bila kukosa, na mgeni anayeandika ripoti atashawishika kuliita “customary”. Lakini chanzo chake si makubaliano ya watu. Taa huvuta dagaa kwa sababu usiku ni mweusi. Mbalamwezi ikitanda juu ya maji, taa haina tena inachoshinda, samaki hawakusanyiki, na gharama ya kwenda ziwani inapotea bure. Wavuvi wanaweza kufanya kikao wakaamua kuvua usiku huo, ila dagaa hawakuhudhuria kikao. Hapo Kiingereza kinachofaa ni “usual” au “normal”.

Sasa tazama mapato yanavyogawanywa. Tajiri wa mtumbwi anatoa kwanza gharama za safari, mafuta na chakula, kisha kinachobaki kinagawanywa kati yake na vijana waliovua. Hakuna upepo wala mwezi unaolazimisha hivyo. Wangeweza kulipana mshahara. Wamekubali mgawo, na kijana mpya akija anaambiwa siku ya kwanza jinsi hesabu inavyopigwa hapa. Hiyo ndiyo “customary”: “It is customary to deduct fuel costs before the proceeds are shared.” Kwa hiyo jiulize: kama wahusika wote wangekubaliana kuacha kesho, jambo lingekoma? Likikoma, “customary” inaweza kukaa. Likiendelea hata wasipotaka, tafuta neno jingine.

Hilo linajibu nusu ya swali la mwenyekiti, yaani ni ya nani. Nusu ya pili ni hii: asiyefuata anapata nini? Jibu lake ndilo linalokuchagulia neno la Kiswahili.

Kuna wakati asiyefuata hapati chochote, ila anayemfahamu atashangaa. Hapo “customary” inazungumzia mtu mmoja na mazoea yake. “She answered with her customary patience” ni “alijibu kwa subira yake ya siku zote”. “He took his customary seat” ni “alikaa mahali pake pa kila siku”. Ukiandika “alikaa kwenye kiti chake cha kimila”, msomaji wa Usukuma atajua unamzungumzia mtemi, na pengine mzee wa watu alikaa tu kwenye benchi la kona dukani. Dalili ya maana hii ni kwamba mbele ya neno kuna “his”, “her”, “their” au jina la mtu. Ukiona hivyo, “mila” na “desturi” ziweke kando. “Kama kawaida yake” au “ya siku zote” inatosha.

Kuna wakati asiyefuata ananong'onwa. Hawezi kushtakiwa, lakini ataonekana hana adabu, au hajui mji. Ukiingia kwenye mji wa Wasukuma, huanzi na shida yako. Unasalimia kwanza, “mwangaluka” kama ni asubuhi, “mwadila” kama jua limepinda, unajulia hali, ndipo unasema kilichokuleta. “It is customary to greet the elders before stating your business.” Huyu asiyesalimia hapelekwi polisi, anapewa jibu fupi, na shida yake haishughulikiwi. Kiswahili cha hapa ni “desturi”, na sentensi ya barua yako iko kwenye daraja hili.

Na kuna wakati asiyefuata anaweza kuitwa barazani au mahakamani, au anaweza kupoteza haki. Hapo “customary” imeingia kwenye sheria, na Kiswahili chake ni kimoja: “-a kimila”. Kiwanja chenu na ile tiki ya ndoa viko daraja hili, kwa hiyo nitakaa hapo zaidi mbele.

Kwanza tumalize barua, maana wageni wako njiani.

Mwandishi wa Kiingereza anapenda kusema “it is customary” kwa sababu sentensi hiyo haina mtu anayeagiza. Hakuna “tunataka” wala “mtatakiwa”. Desturi yenyewe ndiyo inayosema, yeye amesimama pembeni. Ni ombi lililovalishwa kanzu ya taarifa. Kwenye migahawa ya Marekani, mgeni akiambiwa “it is customary to tip”, anaambiwa kwa upole kwamba aache asilimia 15 hadi 20 juu ya bili. Sheria haimbani mteja, lakini asiyeacha atakumbukwa. Upande wa kukanusha msukumo huwa mkali zaidi. “It is not customary to take photographs here” maana yake weka simu mfukoni. Ukisoma “not customary”, soma katazo lenye adabu.

Basi “lazima” yako ilizidisha, lakini ungeandika “mkipenda” ungepunguza mno. Kiswahili kina chombo kinachokaa katikati barabara, nacho si kivumishi. Ni kiambishi *hu-*. “Kikundi mwenyeji huandaa chakula chepesi.” Msikilizaji yeyote wa Kiswahili anasikia humo kwamba ndivyo inavyokuwa, na kwamba anatarajiwa afanye hivyo, bila mtu kumnyooshea kidole. Mama akimwambia mtoto “wageni husalimiwa”, mtoto anaamka kusalimia. Watafsiri wengi wanahangaika kutafuta kivumishi cha Kiswahili kwa kila kivumishi cha Kiingereza, ilhali vivumishi vyetu halisi ni vichache na kazi kubwa inafanywa na kitenzi. Kwa “it is customary to”, jaribu *hu-* kwanza. Ikiwa sentensi inaelea bila mwenyewe, ongeza “kwa desturi” mwanzoni.

Kwa hiyo: “Kwa desturi, kikundi mwenyeji huwaandalia wageni chakula chepesi.” Hiyo naiona ndiyo bora kwa barua yako. “Kama ilivyo kawaida, kikundi mwenyeji kitaandaa chakula chepesi” nayo inafaa, ila hiyo *-ta-* inawafunga zaidi kuliko Kiingereza kilivyowafunga, kwa hiyo itumie tu kama kikundi kimeshakubali. “Ni mila” iache kabisa. Mila ina watu wake, ina wazee na ukoo. Ratiba ya ziara ya wafadhili haina.

Bado kuna shaka moja ya kweli, nayo tafsiri haiwezi kuiondoa: je, wafadhili wanasema hivyo ndivyo vikundi vingine vinavyofanya, au ni sharti la mradi lililopakwa asali? Usikisie. Waandikie sentensi moja: “Is the meal a requirement of the project, or simply the usual practice?” Hakuna atakayeona ni utovu wa adabu. Na “light meal” ni chai, maandazi au mihogo, na tunda. Sato mzima kwa kila mgeni si “light”.

Kabla ya kwenda kwenye kiwanja, nikupitishe mahali padogo ambapo lugha hizi mbili zimefanya jambo lilelile bila kushauriana. Kiingereza kilipata “custom” kutoka Kifaransa cha zamani, ambacho kilikuwa kimelitoa kwenye Kilatini *consuetudo*, mazoea. Enzi za watawala wa kale, kulikuwa na malipo ambayo mtu alimpa bwana au mfalme kwa sababu tu ndivyo ilivyokuwa siku zote. Malipo yale ya desturi yakaitwa kwa jina la desturi yenyewe, na leo “customs” ni forodha. Mtu aliyezoea kununua kwako akaitwa “customer”, naye ndiye “kastama” wetu wa pale Kirumba. Sasa geukia Kiswahili. “Ada” tuliipokea kutoka Kiarabu, *ʿāda*, ambako maana yake ni desturi, kitu kinachorudi tena na tena. Wazee wa pwani bado husema “ada na mila”. Lakini ukimuuliza mzazi yeyote wa Nyamagana ada ni nini, atakwambia ni fedha za shule. Kilichozoeleka kutolewa kimeitwa kwa jina la mazoea, kama ilivyokuwa kwa Waingereza. Kwa hiyo ukikuta “the customary fee”, usiandike “ada ya kiada”. Mfano wa dalali wa vyumba: “The customary broker's fee is one month's rent” ni “Dalali, kwa desturi, hulipwa kodi ya mwezi mmoja.”

Maneno mengine nayo yana asili zinazosaidia. “Mila” ni Kiarabu *milla*, dini au watu wa imani moja, na ndiyo maana hata leo lina uzito wa kundi la watu na asili yao. “Desturi” imetoka Kiajemi, kanuni ya mwenendo, nyepesi kuliko mila. “Kawaida” inatokana na *qawāʿid*, misingi au kanuni, lakini kwetu imelegea mpaka ikawa tu hali ya siku zote.

Sasa kiwanja. “Customary right of occupancy” kwa Kiswahili cha sheria ni “hakimiliki ya kimila”, na karatasi yake ni Hati ya Hakimiliki ya Kimila. Si “haki ya kukaa”, kwa sababu mpangaji naye ana haki ya kukaa. Wala si “ya kimazoea”. Mtu aliyezoea kuanika dagaa kwenye uwanja wa jirani hajawa mmiliki. Neno la sheria lina ndugu zake kwenye kabati la sheria, na ukilibadilisha kwa lako, hata liwe zuri, msomaji hataweza kulikuta analolitafuta.

Haki hiyo inasimama juu ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, iliyoanza kutumika Mei 2001. Watu wengi wanalisikia “kimila” na kudhani ni hati ya daraja la pili, inayosubiri hati “halisi” ya mjini. Kifungu cha 18 kinasema kwa kila hali hakimiliki ya kimila ina hadhi sawa na ile inayotolewa chini ya Sheria ya Ardhi, ile mnayoijua kwa viwanja vilivyopimwa mjini. Dhana nyingine ni kwamba kwa kuwa ni ya kimila, basi anayeitoa ni mzee wa ukoo. Anayesimamia ardhi ya kijiji na kutoa hati ni halmashauri ya kijiji, na mkutano mkuu wa kijiji nao una sauti kwenye ugawaji. “Kimila” hapo haielezi nani anagonga muhuri. Inaeleza haki imeota kwenye udongo gani.

Neno “customary law” nalo lina tafsiri moja tu ya kuaminika: “sheria za kimila”. Sheria ya Tafsiri ya Sheria inazieleza kuwa ni kanuni zinazompa mtu haki au wajibu, zilizojengeka kwa matumizi ndani ya jamii ya Kiafrika nchini, na ambazo jamii hiyo kwa jumla imezikubali kuwa zina nguvu ya sheria. Umeviona vile vitu viwili? Matumizi, na kukubaliwa. Hata Mahakama ya Kimataifa ya Haki, katika ibara ya 38 ya mkataba wake, inaiona desturi ya mataifa kuwa ushahidi wa mwenendo wa jumla uliokubaliwa kama sheria. Mwaloni au The Hague, makao ya mahakama hiyo, vipande ni vilevile. Kinachoongezeka ni uzito wa kile kilichokubaliwa.

Na usidhani “customary” ya sheria ni kitu kilichoganda. Mwaka 1990, Mahakama Kuu hapahapa Mwanza, chini ya Jaji Mwalusanya, iliamua shauri kutoka upande wa Bukoba kuhusu kanuni ya sheria za kimila za Wahaya iliyomzuia mwanamke kuuza ardhi ya ukoo aliyorithi. Mahakama ilisema kanuni hiyo inakwenda kinyume na haki za binadamu zilizomo kwenye Katiba, na haiwezi kusimama. Baadaye Sheria ya Ardhi ya Vijiji ikaandika wazi, kifungu cha 20, kwamba kanuni ya kimila inayowanyima wanawake, watoto au watu wenye ulemavu umiliki au matumizi ya ardhi ni batili. Nimeyataja haya kwa sababu ya tafsiri: ukimsomea mwanakikundi mwanamke makaratasi yale, akasikia “kimila”, akajitoa kwenye orodha ya wamiliki akidhani mila haimruhusu, neno lako litakuwa limemnyang'anya kitu ambacho sheria imempa.

Kuhusu ndoa, hapa nakusihi tiki ile uifute mpaka umepata ushauri. “Customary marriage” ni ndoa ya kimila: ndoa iliyofungwa kwa taratibu za kimila za jamii husika, na Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inaitambua sawa na ya msikitini, ya kanisani na ya bomani. Haina maana ya “tunaishi kienyeji”. Kwa watu walioishi pamoja kama nyinyi, sheria hiyohiyo ina kitu kingine, kifungu cha 160: mwanamume na mwanamke wakithibitishwa kuishi pamoja miaka miwili au zaidi katika hali iliyowafanya watu wawaone kuwa mke na mume, kunakuwa na dhana kwamba wameoana. Dhana inaweza kupingwa kwa ushahidi. Ni nafasi tofauti, na fomu ya bima inaweza kukurudia siku ya madai ikiwa uliandika kisicho kweli, hata kama ulikosea neno tu. Ulizeni kampuni ya bima kwa maandishi watu wa hali yenu wajaze wapi, au mwone wakili. Kama fedha ya wakili haipo, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawatambua watoa msaada na wasaidizi wa kisheria; ofisi ya maendeleo ya jamii ya halmashauri yenu itakuelekeza walipo.

Kalamu nyekundu kwenye barua ya mdogo wako ilikuwa na haki. “Customary” haikubali mtu awe kiima chake. Jambo ndilo linakuwa “customary”. Mtu anakuwa “accustomed to”, yaani amezoea, au kwa lugha nyepesi “used to”. Baada yake linakuja jina au kitenzi chenye -ing: “I am accustomed to working at night.” Watu wengi huandika “accustomed to work”, lakini “to” hapa ni ile ya “kwenye”, haianzishi kitenzi, kwa hiyo inahitaji “working”. Katika barua ya kazi mimi ningeacha yote mawili nikaandika “I have experience of night work”, kwa sababu mwajiri anatafuta uzoefu, na mazoea ni kitu kingine.

Muundo wa “customary” yenyewe si mgumu. “It is customary to” na kitenzi. Ukitaka kumtaja mtendaji, “it is customary for the buyer to pay”. Ukitaka kutaja mahali ni “in”, watu ni “among”: “customary among the Sukuma”. Usiweke “a” mbele yake ikiwa imesimama peke yake. “It is a customary to” ni kosa la kulichanganya na nomino “custom”. “As is customary” inakaa yenyewe mwanzoni au katikati, ikifungwa kwa mkato. Kielezi chake ni “customarily”. Tahajia ina *m* moja, na *u* mwanzoni: “costumary” na “custommary” ni makosa ya kila siku. Kwa matamshi, sisi tumezoea kukaza silabi ya pili kutoka mwisho, tunasema *kastomári*. Mwingereza anakaza ya kwanza na kuzimeza zinazofuata, *KÁS-təmri*. Mmarekani anaiacha *-meri* isikike.

Utakutana na majirani zake. “Traditional” inatazama nyuma, kitu kimetoka kwa waliotangulia. Ngoma za Bulabo, sherehe ya Wasukuma pale Bujora, vikundi vya Bagika na Bagalu vikishindana, ni “traditional dance”, ngoma za asili. “Customary dance” itamfanya Mwingereza asimame ajiulize kama kuna sheria ya kucheza. “Customary” haitazami nyuma sana. Kutuma salamu za asubuhi kwenye kundi la simu ni “customary” katika vikundi vingi na hakuna babu aliyewahi kufanya hivyo. “Conventional” ni ya kufuata mtindo uliokubalika kitaalamu au kijamii, na mara nyingi inabeba harufu kidogo ya kutothubutu kubuni. “Habitual” ni tabia ya mtu, na Kiingereza hupenda kuiunganisha na mabaya: “habitual liar”. “Common” ni tele tu; haisemi lolote kuhusu kukubaliwa. Wizi wa nyavu unaweza kuwa “common”. Usiuite “customary”, utakuwa umewabariki wezi.

Mitego miwili ya mwisho, kwa sababu itakufikia. Kitabu cha injini ya boti kikisema “U.S. customary units”, hapo ni mfumo wa vipimo vya Marekani, inchi, pauni na galoni, usiandike “vipimo vya kimila”. Na uangalie galoni yenyewe: ya Marekani ni lita 3.785, ya Uingereza ni 4.546, na mafuta ya kuchanganywa kwa galoni isiyo yake yanaweza kuiharibu injini. Mtego wa pili ni wa mafundi seremala. “Custom furniture” ni samani za oda, zilizotengenezwa kwa agizo la mteja. “Customary furniture” haziuziki popote.

Barua za ziara na za kazi unaweza kuzimaliza mwenyewe kwa haya. Makaratasi ya kiwanja, urithi, ndoa au mkataba wenye fedha usiyatie mkono peke yako hata kama umeelewa kila neno. Mkayasome na afisa ardhi wa wilaya au wakili kabla ya mtu yeyote kutia saini, mkiwa na nakala ya Kiingereza mezani. Kama tafsiri itatakiwa mahakamani, ubalozini au serikalini, uliza kwanza kama wanadai iliyothibitishwa. Baraza la Kiswahili la Taifa, BAKITA, hufanya kazi hiyo. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021, Kiswahili ndiyo lugha ya mahakama zetu, kwa hiyo neno utakaloandika leo kwenye nakala ya kikundi linaweza siku moja kusomwa mbele ya hakimu jinsi lilivyo.

Kwa kikao kijacho, mpe mwenyekiti sentensi mpya, “Kwa desturi, kikundi mwenyeji huwaandalia wageni chakula chepesi,” na umweleze kwamba desturi inayotajwa ni ya hao wanaotembeleana kwenye miradi. Kama kikundi hakina uwezo mwezi huu, jibu lenye adabu ni hili: “We understand this is customary, but we are only able to offer tea.”